Nyeusi ya Kerry James Marshall si rangi moja

Wengi wakiona picha za Kerry James Marshall, mchoraji Mmarekani mweusi anayeishi Chicago, hudhani watu wake wamepakwa nyeusi tupu ya kopo moja, kama vivuli. Sivyo hata kidogo. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba huanza na nyeusi tatu: ya mifupa iliyochomwa, ya masizi, na ya oksidi ya chuma. Kisha huzichanganya na buluu ya kobalti, kijani cha kromu au zambarau. Hapo nyeusi moja huelekea ubaridi, nyingine joto, na shavu hutengana na shingo bila kupauka. Ukitafuta mwanga kwa kuongeza nyeupe, utapata kijivu, na ngozi itaonekana kama imepakwa majivu.

Dhana hiyo ya nyeusi moja huchochewa na simu: picha ndogo kwenye kioo humeza tofauti hizo zote. Mbele ya picha yake “Many Mansions” (1994), inayoonyesha wanaume watatu wakitunza bustani kwenye makazi ya umma ya Stateway Gardens, Chicago, sogea karibu, kisha kaa upande. Weusi huo ni wa makusudi: anataka watu weusi waonekane waziwazi ndani ya makumbusho.