Beji si kiti: dhana potofu kuhusu matamasha makubwa ya michezo ya mezani

“Nikishanunua beji, nacheza chochote ninachotaka.”

Beji inakuvusha mlangoni, basi. Tamasha la Gen Con la Marekani, lililoanza mwaka 1968 Lake Geneva, Wisconsin, na ambalo tangu 2003 hufanyika Indianapolis, linauza vitu viwili tofauti: beji ya kuingilia, na tiketi ya kila mchezo uliopangiwa meza na saa yake. Ratiba ikishatoka, mwenye beji huandaa orodha ya michezo hadi 50, wa kumtamanisha zaidi ukiwa juu. Siku ya usajili anaituma orodha, anapewa namba ya foleni, na zamu yake ikifika mfumo unaisoma kuanzia juu kwenda chini. Penye nafasi anapata. Palipojaa, au panapogongana na alichokwisha kupata, panarukwa.

Hapo kwenye kurukwa ndipo wengi wanapopoteza. Wanaandika michezo minane inayogombewa na kila mtu, wanaishia hapo, kisha wanalalamika kwamba mfumo umewanyima. Kwa kuwa kinachogongana kinarukwa chenyewe, mbadala hauna gharama: chini ya kila chaguo kubwa weka mengine mawili au matatu ya muda uleule. Ukipata la kwanza, yaliyobaki yanapita tu.

Na aliyekosa kabisa? Zipo tiketi za jumla, zisizo na jina la mchezo. Nenda nazo mezani robo saa kabla, simama pale msimamizi anapokuona. Mwenye kiti asipotokea saa ya kuanza, kiti ni chako. Meza ya mchezo wa kuigiza wahusika, ambao kila mchezaji hujifanya mhusika mmoja wa hadithi, huwa na watu watano au sita, na hasa asubuhi kuna aliyelala kupita kiasi. Kumbuka tu kwamba kanuni hiyo inakukata na wewe: ukichelewa, kiti chako kimekaliwa.

Essen, Ujerumani, ambako tamasha la Spiel limekuwapo tangu 1983, mambo ni mengine. Unapita kwenye mabanda ya wachapishaji wa michezo, meza ikiachwa unakaa. Kwa hiyo ujuzi wa kule ni wa kusimama vizuri. Usiwaulize waliokaa wamebakiza dakika ngapi, kwa sababu hakuna anayejua. Uliza zimebaki raundi ngapi, uangalie raundi moja inavyokwenda, ndipo uamue kusubiri au kuondoka.

“Ni mahali pa wabobezi.”

Kwenye ratiba ya Gen Con kila mchezo una sehemu inayotaja uzoefu unaotakiwa: hakuna, kiasi, au mkubwa. Ikiandikwa “hakuna”, maana yake sheria zitafundishwa palepale. Tatizo tunaloliona mara nyingi zaidi ni la upande wa pili: mgeni anavutiwa na jina, hasomi sehemu hiyo, anaingia meza ya waliokwisha kucheza mara ishirini. Watano wanamsubiri kila zamu, naye hafurahii.

“Peke yangu sitapata wa kucheza nao.”

Tafuta maktaba ya michezo. Matamasha mengi yanayo: unaazima boksi, na mara nyingi kuna kibao cha kusimamisha mezani kinachosema unatafuta wachezaji, au unatafuta wa kukufundisha. Kisimamishe kabla hujaanza kupanga vipande. Mtu akikuta ubao umeshapangwa hudhani nafasi zimejaa.

“Michezo huuzwa bei ya kutupa.”

Mabandani bei kwa kawaida ni ileile ya dukani. Faida yake ni kupata toleo kabla halijafika madukani, na pengine kadi za nyongeza. Punguzo huja mchana wa siku ya mwisho, maana mchapishaji hataki kulipia kurudisha maboksi, lakini usitegemee kulikuta kwenye mchezo ambao watu wameupangia foleni tangu siku ya kwanza.

Gharama halisi iko kwenye begi. Boksi la kawaida la mraba lina takriban sentimita 30 kwa 30, unene 7. Begi la mkononi la sentimita 55 kwa 40 kwa 20 linalaza boksi moja kwa tabaka: mawili yanafika 14, la tatu linahitaji 21, na zipu haifungi. Begi kubwa nalo mashirika mengi ya ndege huliwekea kikomo cha kilo 23. Toa kilo 4 za begi lenyewe na 7 za nguo, zinabaki 12, yaani michezo minne ya kilo tatu tatu.

Dawa yake ni kufungua boksi hotelini. Bandua vipande kwenye makaratasi magumu, tupa fremu, tia kila aina kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kisha ingiza yaliyomo ya boksi dogo ndani ya kubwa. Usifunge kadi kwa raba, zinakatika pembeni. Kifuniko kizungushie nailoni ya kufungia chakula, na soksi zijaze kwenye kona, kwa kuwa kona ndizo hupasuka kwanza.

“Mafua ya tamasha yanaletwa na kiyoyozi.”

Yanaletwa na virusi. Maelfu ya mikono inashika dadu na kadi zilezile, kisha inashika chipsi. Wazoefu wana kanuni ya 6-2-1: kila siku usingizi wa saa sita, milo miwili kamili, kuoga mara moja. (Hiyo ya mwisho ni kwa ajili ya jirani yako mezani.) Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, jeli ya kusafishia haiviwezi vizuri virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara.

“Nitapanga michezo mfululizo, asubuhi hadi usiku.”

Mchezo wa kuigiza wahusika mara nyingi hupangiwa saa nne nzima, na unaofuata unaweza kuwa jengo jingine. Gen Con hutumia pia hoteli za jirani na uwanja wa Lucas Oil. Ukimaliza saa nane na mwingine unaanza saa nane, tayari umechelewa, na pembeni ya kiti chako kuna mtu amesimama na tiketi ya jumla mkononi.