Upungufu wa MCT8 ni nini, na kwa nini tiba yake haina tarehe ya kuisha

Ukisema thairoidi watu wengi wanawaza goita, shingo imevimba basi. Ugonjwa huu ni tofauti na ni adimu mno, unaitwa upungufu wa MCT8 au Allan-Herndon-Dudley, majina ya watatu walioueleza kule Marekani mwaka 1944.

Tezi ya thairoidi yenyewe inafanya kazi, homoni ipo. MCT8 ni protini iliyoko kwenye ukuta wa seli, ni kama mlango ambao T3, homoni ya tezi hiyo, inapita kuingia kwenye seli za ubongo, sasa jeni yake ikiwa na kasoro mlango haufunguki, ubongo unashinda njaa na chakula kimejaa barazani. Moyo na ini vina milango mingine kwa hiyo vyenyewe vinalishwa kupita kiasi. Ndo maana unakuta mtoto amelegea, ukimnyanyua kichwa kinaangukia nyuma, halafu moyo unakimbia hata akiwa amelala na uzito haupandi hata ale vipi. Karibu wote ni wavulana maana jeni iko kwenye kromosomu X.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wanaambiwa ni mtindio wa ubongo na faili linafungwa hapo, kwa sababu TSH, ile homoni inayoiamrisha tezi, ikipimwa peke yake mara nyingi inatoka kawaida. Jamani, mwombeni daktari apime na T3, hiyo ndiyo inatoka juu!

Dawa inaitwa Triac. Inafanana na T3 ila haihitaji ule mlango, na inaiambia tezi ipunguze kutengeneza homoni. Kwenye utafiti ulioongozwa na madaktari wa Rotterdam, Uholanzi, matokeo yalitoka 2019, wastani wa T3 kwenye damu ulishuka kutoka 4.97 hadi 1.82 nmol/L ndani ya mwaka mmoja, mapigo ya moyo yakatulia na uzito ukapanda. Umoja wa Ulaya uliiidhinisha 2025. Ila tusidanganyane, mtoto ambaye hajakaa hataanza kukaa kwa sababu ya kidonge, ubongo ulikosa homoni tangu tumboni. Inacholinda ni moyo na misuli, na hilo kwangu si dogo hata kidogo, kilo mbili kwa mtoto aliyekuwa mifupa mitupu mama yake anazisikia mkononi kila akimbeba.

Jeni haibadiliki, kwa hiyo dawa ni ya maisha. Kidonge kinayeyushwa kwenye maji, asiyeweza kumeza anapewa kwa mrija, damu inapimwa kila baada ya muda na dozi inarekebishwa kadiri anavyokua.