Mwacheni Tomaso Apumzike

Jumapili iliyopita, hata kanzu sijavua, mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando akaninong'oneza kwamba mama mmoja wa kwetu "ameanza kuwa Tomaso", yule mwanafunzi wa Yesu aliyekataa kuamini ufufuo mpaka aone. Alisema kama mtu anayeripoti kipindupindu. Mama mwenyewe ni mjane tangu kusi ya mwaka jana. Mumewe alitoka na ngalawa alfajiri, na ngalawa ikarudi peke yake, ikiletwa na mawimbi upande wa Mayungu. Kosa la mama ni kwamba kwenye ibada ya nyumbani aliuliza kama kuna anayesikia tunapoomba. Wakamwekea mikono, wakakemea "roho ya shaka" hadi saa nne usiku. Alikwenda na msiba mmoja, akarudi na miwili.

Nimehudumu Malindi miaka 19, na hili la "shaka ni mlango wa shetani" nimelisikia mpaka masikio yameota sugu. Basi leo nalisema mara moja, halafu atakayeniletea tena nitamwelekeza hapa.

Tomaso kwanza, na haraka. Katika Yohana 11, wenzake walipoogopa kupigwa mawe, ni yeye aliyesema, "Twendeni na sisi, ili tufe pamoja naye." Baada ya ufufuo wenzake haohao waliyaona maneno ya akina mama kuwa upuzi, Luka ameliandika waziwazi. Na alichodai Tomaso, kuona mikono na ubavu, wenzake walikuwa wameshaonyeshwa yeye akiwa hayupo. Aliomba fungu lake tu. Aliyeambiwa "mbona uliona shaka?" ni Petro, kule majini, na hakuna anayemwita Petro mwenye shaka. Tena tazameni mpangilio wa Mathayo 14:31: Yesu ananyosha mkono, anamshika, ndipo anauliza. Sisi huanza na swali. Mkono, ukipatikana.

Sasa waraka wa Yakobo, maana najua kuna mtu ameshafungua Biblia. "Mwenye shaka ni kama wimbi la bahari." Aya hii imetumiwa kuwapiga watu kuliko bakora yoyote. Kitenzi cha Kigiriki hapo ni diakrinomai, ambacho kina maana ya kugawanyika, kubishana, kushindana na nafsi. Aya mbili mbele Yakobo anajifafanua mwenyewe: "mtu wa nia mbili". Huyo namjua. Ni yule anayelipa zaka Jumapili na Jumatatu yuko kwa mganga, anamwomba Mungu huku akichungulia kama kwingine kuna bei nafuu. Mshika mawili. Hana swali lolote huyo! Ukimuuliza kuhusu imani yake atakujibu kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Yule mama hajachungulia popote. Amesimama palepale, anauliza.

Mathayo anatumia kitenzi kingine, distazo, kusita, na kimo mara mbili tu katika Agano Jipya lote. Mara ya kwanza ni Petro majini. Ya pili ni mlimani, baada ya ufufuo: "walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Kusujudu na kusita, sentensi moja. Na papo hapo wanatumwa kwa mataifa yote. Hakuna aliyeambiwa akae pembeni aombewe kwanza.

Hoja yangu inavuja mahali pamoja, nami siwezi kuziba kwa maneno. Yuda, katika waraka wake, anasema, "Wahurumieni wengine walio na shaka," na kitenzi chake ni kilekile cha Yakobo. Kama kule ni nia mbili, hapa kwa nini kiwe shaka la kawaida? Wapo wanaosoma "wabishi". Tena hati za kale zenyewe hazikubaliani: nyingine zina "waonyeni" badala ya "wahurumieni". Nimebadilisha mawazo mara tatu juu ya aya hii. Kwa sasa nimeshika huruma, na nakiri sababu moja ni kwamba nawajua wazee wangu.

Nadhani lugha nayo imetuponza. Hapa pwani tunakaa ukuta kwa ukuta na Waislamu, na neno wasiwasi tumelipokea kutoka kwao, pamoja na maana yake ya mnong'ono wa shetani kifuani. Si vibaya, ni jirani. Lakini tumelibandika juu ya kila swali, hata lile ambalo Zaburi inaliuliza kwa sauti: "hata lini?" Kumbe Kiswahili chenyewe kina njia nyingine. Mtu akifiwa au akiunguliwa na nyumba tunasema amepatwa na mashaka. Mashaka ni taabu. Nikimsikiliza yule mama nasikia hiyo maana kabla ya ile nyingine.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa anayekuja na shaka huwa ni usingizi. Umelala saa ngapi? Umekula nini? Watu hucheka, wanadhani mchungaji ameishiwa. Eliya, chini ya mretemu, aliomba afe. Malaika hakumpa somo. Alimpa mkate wa makaani na chupa ya maji, akamwacha alale, akamwamsha, akamlisha tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baada ya siku arobaini za kutembea. Nusu ya mashaka yanayoingia ofisini kwangu hupungua kwa wiki mbili za kulala na mtu wa kukusaidia watoto. Nusu nyingine hayapungui, na hapo sina dawa. Nakaa tu. Kijana mmoja nilikaa naye mwaka mzima, akaondoka kanisani kwa adabu, hunisalimia sokoni. Sijui kama nilikosea au kama alikuwa mkweli kuliko mimi.

Kuna wanaoniambia shaka limeletwa na simu. Francis Xavier alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na kwenye barua yake anasimulia Mwislamu mmoja mwenye heshima aliyemlalamikia kwamba ibada imefifia: misikiti ilikuwa 17, inayoswaliwa ni 3, tena na watu wachache. Akataka kujua kama kwa Wakristo nako ni hivyo. Simu gani hiyo ya 1542?

Na kama mnataka kuona watu wasiouliza, mnajua pa kutazama. Aprili 2023 walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, huko bara yetu, na hesabu ilipita miili 400. Watu waliambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wamwone Yesu. Sikio la Mswahili haliwezi kulikwepa neno lililo mwanzoni mwa jina lile. Siku zile nilisimama nje ya chumba cha maiti hapa mjini na kola yangu shingoni, nikidhani nimekuja kufariji. Mama mmoja aliyekuwa akimtafuta dada yake aliniangalia kola, kisha uso, akauliza: "Nyinyi ndio wale wale?"

Sikujibu. Mwezi ule nilihubiri nikiwa na hakika ya ratiba ya ibada tu, basi. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliwaogopa watu walewale ninaowaandikia sasa.

Juzi Jumatano yule mjane alikuja. Chai, mahamri, usingizi kwanza. Halafu nikamfungulia Zaburi 88, ambayo walimu wa Jumapili huiruka kwa sababu haina aya ya mwisho ya kufariji. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, mpaka "wanijuao wamo gizani". Akageuza ukurasa kutafuta iliyobaki.

"Baba mchungaji, imeishia hapa?"

"Imeishia hapo, mama."

"Na wakaiacha humu?"

"Wakaiacha."

Akakaa kimya, akapangusa sukari ya hamri vidoleni, kisha akauliza zamu ya kusoma neno Jumapili ijayo ni ya nani. Nimeandika jina lake. Wazee hawajaiona orodha bado.