Maji yamekatika, mende wanakunywa wapi?

Mama mmoja wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, aliniuliza hivyo nikiwa nimechuchumaa nyuma ya friji yake na tochi mdomoni. "Wiki ya pili twanunua maji ya mkokoteni, mwanangu. Mbona hawa hawafi?"

Nikamwita aone. Pembeni mwa kile kitrei kinachopokea maji ya barafu, watoto wa mende walikuwa wamebanana kama ufuta juu ya mkate wa mofa, weusiweusi, kila mmoja na mstari wa rangi hafifu mgongoni.

"Mfereji wa hawa haujakatika, mama."

Katika kazi hii ya kupuliza dawa nimejifunza kwamba mende huvumilia njaa kuliko kiu. Hata kwa kiu, hawalingani. Jike la yule mkubwa mwekundu wa mitaroni, Periplaneta americana, laweza kukaa kama siku 40 bila chakula wala maji. Huyu mdogo wa jikoni, Blattella germanica, wiki mbili hazimalizi. Supella longipalpa, mwenye mikanda ya kahawia, hustahimili ukavu, ndiyo maana utamkuta nyuma ya fremu ya picha, mbali na sinki.

Watoto ndio huumia zaidi. Aanikaye samaki ajua: dagaa hukauka leo leo, papa hungoja siku kadhaa. Mwili mdogo una ngozi nyingi ikilinganishwa na maji yaliyomo. Nta ya juu ya gamba husaidia, na matundu ya pumzi hufungwa, lakini akiba yenyewe ni tone. Basi hujibana pamoja, na unyevu wao hubaki katikati yao. Aliye peke yake hukauka mapema.

Wateja huniambia mende wa Mombasa wanakunywa hewa. La. Wapo wanaoweza: Arenivaga wa mchangani huko California, watoto na majike yao, hunasa mvuke kwa vifuko vya mdomoni hewa ikipita unyevunyevu wa asilimia 80 hivi. Wetu wa nyumbani hawana ufundi huo. Hewa ya bahari inawachelewesha kukauka, basi.

Nikakimwaga kitrei, nikakifuta kwa tambara. Kitajaa tena, kwa hiyo nikaweka vitone vya dawa ya jeli kando yake, palepale wanapofuata maji. Mama akauliza, je, akiizima friji?

Nikamwambia aiwache. Samaki wake wataoza bure.