Taa ya betri haijawaka, basi alteneta nzima? Hapana

Dhana inayoumiza watu wengi hapa Mombasa ni hii, ati maadamu taa nyekundu ya betri haiwaki kwenye dashibodi basi alteneta (ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini kutoa umeme) inachaji betri. Si kweli. Gari nyingi taa ile huwaka alteneta ikishakata moto, yaani umeme, kabisa au karibu na hapo, ikitoa moto mdogo yaweza kukaa kimya mpaka betri ikaisha. Mimi nilikuwa foleni ya feri Likoni jioni, nikawasha AC na taa kubwa, geji yangu ndogo ya volti ya kuchomeka pale pa kuwashia sigara ikatoka 14.1 ikaja 12.4 na bado yateremka, na ile taa wala! Kumbe mkanda umelegea, ukipewa kazi unateleza. Ulipokazwa tu namba ikarudi.

Wengine wanasema betri ni ya volti 12, kwa hivyo geji ikisoma 12 mambo sawa. La hasha, betri ina seli sita za volti 2.1 hivi kila moja, ikijaa na injini imezimwa utasoma kama 12.6, na ile 12 kamili ina maana imebaki chaji kidogo sana. Injini ikinguruma tarajia 13.8 hadi 14.5, lazima alteneta iizidi betri ndo moto uingie. Ikipita 15 hapo kimbia kwa fundi wa waya, regyuleta (kile kifaa cha kudhibiti volti za alteneta) imeharibika, maji ya betri yatachemka. (Gari za kisasa kompyuta hupunguza chaji makusudi kuokoa mafuta, ukiona 12.8 kidogo kisha inapanda usishtuke.)

Na tafadhali, hii ya kung'oa temino (vile vibano vya waya juu ya betri) injini ikiwa inawaka ati "tuone kama alteneta inafanya kazi", tuiache. Betri ndo inayotuliza moto wa alteneta, ukiitoa volti zaruka ghafla na zaweza kuua dayodi (zile zinazogeuza umeme wa alteneta uweze kuchaji betri), hata kompyuta ya gari. Multimita ndogo, kile kipimo cha umeme cha mkononi, yatosha.

Tena geji kusoma 14 haimaanishi betri inapata 14. Hewa yetu ya chumvi inakula temino, unaona ule unga mweupe na kijani? Pima kwenye nguzo zenyewe za betri, ukikuta pungufu ya geji kwa nusu volti ama zaidi, usinunue alteneta kwanza, zima injini, fungua temino, sugua kwa maji moto na brashi, kausha, kaza, upime tena.