Karatasi za ukoo kwa farasi wa matembezi: unalipia nini hasa?

Pesa za korosho zikishaingia, simu yangu huanza kupokea maswali yasiyohusu kuku wala ng'ombe. Safari hii limekuja la farasi. Ndugu mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Mikindani, Mtwara, anataka farasi wawili watatu wa kutembeza watalii ufukweni, na mambo yakienda vizuri awafikishe mpaka Msimbati. Kanitumia WhatsApp picha za karatasi: mhuri, vizazi vinne vya ukoo, majina ya mababu waliozaliwa Uingereza. "Daktari, huyu karatasi zake zimekamilika, ndiyo maana bei yake imechangamka. Nimchukue?"

Nilimjibu kwa sauti ya dakika mbili, lakini swali lenyewe linastahili zaidi ya hapo. Kama unanunua farasi wa kupandwa tu, cheti cha ukoo ni karatasi ya mwisho kusoma. Kama unanunua jike ili akuzalie, ni ya kwanza. Wanunuzi huyachanganya mambo haya mawili, na wauzaji hawana haraka ya kuwatenganishia.

Cheti cha ukoo kinatoka kwenye daftari la nasaba. La zamani na mashuhuri zaidi ni la farasi wa mbio, Thoroughbred, lililoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791. Haandikwi mtu humo, samahani, farasi, mpaka baba na mama yake wawe wameandikwa, na ukifuata upande wa kiumeni utafika kwa mmoja wa madume watatu waliotoka Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian au Godolphin Arabian. Kwa hiyo cheti kinakuambia nani kazaliwa na nani, lini, ana rangi gani na alama zipi. Mgongo kama ni mzima, kwato kama ni ngumu, turubai likipeperuka barabarani atafanya nini, hayo hayamo.

Sasa, karatasi za yule ndugu zilikuwa za farasi wa mbio mstaafu. Huku Afrika Mashariki farasi wa namna hiyo hutokea Kenya, ambako mbio bado zinaendeshwa uwanja wa Ngong, Nairobi. Nasaba yake imechujwa kwa zaidi ya miaka 200 kwa jambo moja: kutoka mbio kwa nguvu zote na kumaliza ndani ya dakika chache. Mgeni wako kutoka Ujerumani ambaye hajawahi kukalia hata punda hana haja na kitu hicho. Wapo wastaafu wapole kama kondoo, nimewashika kwa mikono yangu, ila upole wao uliletwa na aliyewafundisha baada ya mbio. Mwenye farasi anapokutajia babu aliyeshinda kombe, jua anakuuzia babu.

Sisemi ukoo ni porojo. Marekani kuna shindano la Tevis Cup lililoanza mwaka 1955, maili 100 za milimani kwa siku moja, na orodha ya washindi imejaa farasi wa Kiarabu na machotara wao. Farasi wa Iceland nao wana mwendo wao laini wa kuteleza usiomrusha mpandaji, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa sehemu kubwa ya uwezo huo inatokana na badiliko katika jeni moja, DMRT3. Mambo kama hayo yanarithiwa. Lakini ukoo unakupa matarajio juu ya kundi. Farasi aliyesimama mbele yako anaweza kuwa ndiye aliyekosa. Kwa farasi wa kupandwa, ambaye yupo tayari, mkubwa, unaweza kumpanda na kumwona, kwa nini ubashiri?

Kazi moja ya karatasi naiheshimu hata kwa mnunuzi wa kawaida: kumbana muuzaji. Chukua cheti, simama ubavuni mwa farasi, soma mstari kwa mstari. Kuna farasi nilipelekwa kumkagua, cheti kinasema kahawia, doa jeupe kipajini, soksi nyeupe mguu wa nyuma kulia, umri miaka 9. Kahawia sawa, doa sawa. Soksi ipo mguu wa kushoto. Nikamfunua mdomo. Kwenye jino la pembeni la juu, la mwisho katika yale ya mbele, farasi huota kamfereji ka kahawia kanakochungulia kwenye ufizi akiwa na miaka kama 10, kanafika katikati ya jino akiwa na 15, na kanamaliza urefu wote karibu na 20. Kipimo hiki si saa ya ukutani, kinaweza kupishana mwaka mmoja au miwili au zaidi. Ila ka huyu kalishavuka nusu ya jino. Mzee aliyemleta akasema labda karatasi zilichanganywa na za nduguye. Inawezekana kabisa. Basi tulimthamini kama farasi asiye na karatasi, na bei ikashuka papo hapo. Siku hizi farasi wengi wenye cheti huwekwa kijichipu shingoni chenye namba ya tarakimu 15. Ukipata mtu mwenye kisomeo, namba ile imalize ubishi.

Tukitoka hapo, kuna karatasi nyingine ambayo huku Kusini ina thamani kuliko vizazi vinne vya Uingereza, nayo ni ya chanjo. Ugonjwa wa kufisha wa farasi unaoitwa tauni ya farasi ya Afrika huletwa na virusi vya aina 9, na wanaoubeba ni visubi, vile vidudu vidogo vinavyotuuma jioni na alfajiri karibu na maji. Farasi asiye na kinga akipata ule wa mapafu, asubuhi anaweza kuwa anakula na jioni povu linamtoka puani. Katika mlipuko, farasi wasio na kinga wanaweza kufa tisa kati ya kumi. Baghala, yaani mtoto wa punda na farasi, huhimili zaidi, punda zaidi tena, na pundamilia huwa nao bila hata kuonekana kuumwa. Afrika Kusini ya karne ya 19, farasi aliyewahi kuugua akapona aliuzwa ghali kuliko mwenzake mzuri asiyewahi kuugua, na hakuna aliyeuliza jina la baba yake. Walikuwa na akili za soko.

Kwa hiyo muuzaji nitamuuliza hivi: farasi huyu amekaa wapi miaka mitatu iliyopita, na amechanjwa mara ngapi? Chanjo inayotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, huja katika chupa mbili za makundi tofauti ya virusi, zinazochomwa kwa kupishana wiki tatu au zaidi, kisha hurudiwa kila mwaka, na farasi hupata kinga pana baada ya miaka kadhaa ya kurudia. Aliyechanjwa mara moja wiki iliyopita ili tu apate muhuri si sawa na aliyechanjwa miaka mitano mfululizo. Hata huyo wa pili nitataka aingizwe bandani kabla jua halijazama, madirisha yawe na wavu wa matundu madogo sana, maana visubi hupita kirahisi kwenye wavu wa mbu wa kawaida.

Halafu kuna mbung'o. Ufukweni Mikindani si tatizo kubwa, lakini wapo wanaoota safari za farasi hadi Liwale au kando ya Ruvuma. Farasi huathirika vibaya na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na nasaba yoyote ya Ulaya haimkingi. Suala la wanyama wa kigeni na mbung'o lilishajaribiwa papa hapa kwetu. Machi 1866 David Livingstone alifika Mikindani na ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka India 3 pamoja na ndama, baghala 2 na punda 4, akitaka kuona ni wanyama gani watastahimili mbung'o. Akapanda nao bonde la Ruvuma, na wengi wakafia njiani. Hata hivyo walipigwa na kuchoshwa vibaya na watu wake mwenyewe, kiasi kwamba jaribio halikutoa jibu safi. Watalii wanaopiga picha kwenye kibao cha Livingstone pale Mikindani nadra kuambiwa habari za wale ngamia.

Nije kwenye kuzalisha, ambako maoni yangu yanageuka. Anayesema karatasi ni za mabwenyenye, mwache aseme mpaka atakapompandisha jike lake. Kuna maradhi yaliyomo damuni ambayo kwa macho huyaoni. Kwa farasi wa Kiarabu kuna lile linalozuia mwili kujenga kinga, SCID. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja amebeba nakala moja mbovu ya jeni. Wakipandana, kila kitoto kina nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa nalo, na aliyezaliwa nalo huonekana mzima wiki za mwanzo kisha hufa kwa maambukizi ndani ya miezi michache. Kwa Quarter Horse, aina ya farasi wa Marekani, mambo yalikwenda vibaya zaidi, kwa sababu dume aliyeusambaza ugonjwa alikuwa mzuri mno. Aliitwa Impressive, alizaliwa mwaka 1969, misuli kama ya kuchongwa, kila mtu akataka damu yake. Ndani ya damu hiyo mlikuwa na HYPP, ugonjwa unaovuruga potasiamu misulini, farasi anatetemeka, mwingine anaanguka, na huu nakala moja tu inatosha kuuleta. Chama cha wafugaji wa Quarter Horse kilikuja kukataa kabisa kuandikisha vitoto wenye nakala mbili waliozaliwa kuanzia mwaka 2007. Bila madaftari ya ukoo ingekuwa kazi ngumu kujua kwamba wagonjwa wote wale ni wajukuu wa mtu mmoja.

Kwetu kuna hatari ya karibu zaidi: farasi nchini ni wachache. Wasio na karatasi wakibadilishana mikono mara tatu nne kati ya Arusha na Dar es Salaam, ni rahisi sana kumpandisha jike kwa kaka yake, au kwa baba, bila yeyote kujua. Kwa hiyo, kwa jike la kuzalia, nitadai cheti, na juu yake kipimo cha vinasaba, kinachofanywa kwa unywele wenye shina uliong'olewa kwenye manyoya marefu ya shingoni au mkiani. Kipimo hicho hakidanganyiki kirahisi kama mhuri.

Lakini nitakushauri pia usizalishe. Mimba ya farasi ni miezi 11. Kitoto hakipandwi na mgeni mzito mpaka avuke miaka minne hivi. Umlishe muda wote huo, umkinge na visubi, umfundishe, ndipo ujue kama ni mpole. Kwa hesabu hiyo, farasi mzima wa miaka 10 hadi 14 aliyekwisha kuchoka ujinga wa ujana ni nafuu, hata akiwa hana jina la babu.

Huyo mzima sasa mkague hivi. Nyanyua kila mguu mwenyewe. Asiyekubali kunyanyua miguu sasa, akiwa na mgeni mgongoni atakupa kazi. Nusa ile pembetatu laini chini ya kwato, maana kwa unyevu wa pwani yetu huoza haraka, na harufu yake hutaisahau. Bonyeza mgongo kwa vidole pande zote mbili za uti, uone kama anajikunja. Mpime mapigo akiwa ametulia: 28 hadi 44 kwa dakika ndiyo kawaida. Mkimbize taratibu dakika kumi mchangani, msubiri, upime tena. Kwenye mashindano ya masafa marefu farasi hatakiwi kuendelea mpaka mapigo yashuke hadi 64. Kisha mwite kijana wa bodaboda apite karibu naye na tenga la nazi na honi juu. Hapo utajua mengi. Na usisahau mizani: uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi sana asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 90 kwa farasi wa kilo 450. Wageni wengine, pamoja na begi la kamera, wanavuka hapo asubuhi na mapema.

Yule ndugu wa Mikindani nimemwambia ampigie tena muuzaji, aombe kadi ya chanjo ya miaka yote na video ya farasi akipandwa na mtu asiye mzoefu, na amwambie wazi kwamba kwa babu wa Uingereza haongezi hata shilingi. Akimpata, vibali vya kuvusha na kusafirisha mnyama viwe mkononi kabla lori halijaondoka, na safari iwe Julai au Agosti, mvua zikiwa zimekata na visubi vimepungua.