Je, wajua kwa nini ngisi wa kukaanga hutoka mkavu ilhali amepikwa ndani ya mafuta?

Tumbukiza pete ya ngisi iliyopakwa unga kwenye karai la mafuta ya moto, na papo hapo mapovu yataizunguka kwa kelele. Wengi husema mafuta yanachemka. Hayachemki. Mafuta ya alizeti yakifika nyuzi 180 za Selsiasi, joto zuri la kukaangia, huwa yametulia tuli, na ukizidisha moto yatafuka moshi na hatimaye kuwaka kabla ya kuchemka. Kinachochemka ni maji. Ngisi mbichi ni maji kwa karibu asilimia 80, na rojo la unga alilovikwa lina maji yake pia. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo yakikutana na mafuta ya nyuzi 180 hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo hujaza nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Kila povu unaloliona ni mvuke unaotoka.

Kosa hili huonekana dogo, lakini huzaa makosa mengine. Anayedhani mafuta ndiyo yanayochemka hudhani pia kwamba yanapenya ndani ya chakula tangu kinapozama, na kwamba dawa yake ni kupunguza moto. Ngisi akitoka amelowa, mara ya pili moto hupunguzwa zaidi. Ukweli ni kinyume chake: chakula kikiwa ndani ya mafuta kinatoa maji kwa nguvu, na sehemu kubwa ya mafuta tunayoishia kuyala huingia baada ya chakula kuopolewa.

Fikiria mlango wa daladala uliofika kituo cha mwisho. Abiria wanashuka kwa kusukumana, na walioko nje, hata wawe wengi kiasi gani, hawapandi. Msukumo wa wanaotoka ndio unaowazuia. Mafuta ndiyo hao walioko nje. Mvuke ukiendelea kutoka kwenye vitundu vya gamba la unga, mafuta hubaki mlangoni. Sasa opoa ngisi. Gamba linapoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji na kusinyaa, na nafasi tupu inaachwa. Wanaoshuka wamekwisha, viti viko wazi, na mafuta yaliyong'ang'ania juu ya gamba yanavutwa ndani. Ndiyo maana sekunde chache za kwanza baada ya kuopoa zina thamani kubwa: kung'uta kijiko cha matundu juu ya karai, kisha kuweka vipande juu ya waya mafuta yachuruzike, kunaondoa mafuta kabla hayajapata nafasi ya kuingia.

Ieleweke kwamba vipimo vingi vya jambo hili vimefanywa kwa viazi na vitafunio vya mahindi, si kwa ngisi. Njia ni ileile, ila kiasi cha mafuta hutegemea pia unga na unene wa gamba.

Ukavu wenyewe ni maji yaliyoondoka. Wanga wa unga hufyonza maji na kuvimba unapopata joto, kisha mvuke unapotoka hukauka na kuwa mgumu, wa kuvunjika kwa mlio. Tatizo ni kwamba ngisi hana subira. Nyama yake ikipita dakika mbili hivi kwenye mafuta hujikunja na kuwa ngumu kutafuna. Gamba linatakiwa likauke ndani ya muda huo mfupi, na moto mdogo hauwezi kazi hiyo.

Hapo ndipo sufuria ya nyumbani inapozidiwa na karai kubwa la pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Karai lenye mafuta mengi limeweka akiba ya joto. Ukitia ngisi halitetereki. Nusu lita ya mafuta nyumbani hupoa ghafla ukimwaga bakuli zima la ngisi aliyetoka kwenye friji. Kaanga vipande vichache kwa mara moja, na usubiri joto lirudi. Kulipima ni rahisi: dondosha tone la rojo. Likizama hadi chini na kupanda polepole, subiri. Likizama kidogo tu na kuibuka haraka kwa mapovu, anza.

Mfute ngisi kwa kitambaa hadi ngozi ising'ae tena, na ndani ya mikia pia, maana maji yaliyojificha humo ndiyo yanayorusha mafuta hadi mkononi. Unga wa ngano pekee ukikorogwa sana hujenga mnato unaofanya gamba kuwa gumu na la kuvutika. Uchanganye nusu kwa nusu na unga wa mchele, ambao hauna mnato huo, utie maji ya baridi sana, ukoroge kidogo tu hata vibonge vibaki. Wapishi wa tempura wa Japani, yaani vyakula vilivyovikwa rojo jepesi na kukaangwa, mapishi yanayohusishwa na Wareno wa karne ya 16, nao hutumia maji ya baridi na kukoroga kidogo tu kwa kamba na ngisi.

Halafu linakuja hotpoti, adui mkubwa kuliko mafuta. Ngisi wa moto akifunikwa, mvuke unaoendelea kutoka ndani ya nyama hugonga kifuniko, hugeuka matone na kurudi kwenye gamba, na wanga mkavu ukinyonya maji hulegea. Mwache wazi juu ya waya. Akishapoa na kulegea, mrudishe kwenye oveni ya moto dakika chache. Kumrudisha kwenye mafuta kunakausha gamba lakini kunakaza nyama. Na ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu kwenye kipande anachokitia mdomoni.